GPS chini ya siti: nani kaifunga, na nani anakuona?

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaendesha pikipiki ya mkataba. Kijiwe chake kiko Pasiansi. Mwezi wa tatu, mchana, mvua imetoka kukata, alibeba abiria kutoka mwaloni Kirumba kwenda Kiseke. Mama wa makamo, mbele ndoo ya dagaa, nyuma furushi. Kwenye kona injini ikazima. Taa zinawaka, honi inalia, injini hakuna. Gia iko ndani, kwa hiyo tairi la nyuma likakaza ghafla, lami ina tope, wakaenda chini wote. Yule mama alivunjika mkono. Kaka goti. Dagaa mtaroni.

Wenzake wa kijiweni walipovua siti jioni ile, jibu lilikuwa pale pale wala halikuhitaji mtaalamu. Waya unaopeleka umeme kwenye CDI ulikuwa umekatwa katikati na kupitishwa kwenye rilei ya GPS. Viungio viwili, vyote vimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Jua la Mwanza lilishayeyusha gundi ya ile tepu, maji yakaingia, mtikisiko ukamalizia kazi. Waya umeachia. Basi.

Bosi alipopigiwa simu hakuuliza kuhusu goti. Alisema, "Umeichezea GPS yangu." Kesho yake akatuma vijana, pikipiki ikaondoka. Kaka alikuwa kwenye mwezi wa 11 kati ya 14. Miezi mitatu tu ibaki, awe na chombo chake.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, nakiri mapema ili msomaji ajue. Ila nina sababu nyingine ya kuandika hapa na sio kwenye grupu la familia. Kila tukikaa vikao vya vijana tunasema bodaboda ni jeshi letu, bodaboda ni wapiga kura wetu, halafu tunachowapa ni bendera na mafuta ya msafara. Siku ya mkutano tunawahitaji, siku ya mkataba hatuwajui. Jambo la GPS lipo kwenye pikipiki nyingi hapa Ilemela, kuanzia Buzuruga mpaka Igombe, na sijaona chama chochote, chetu kikiwemo, kikilizungumza. Sasa tulizungumze.

Nianze na upande wa bosi, kwa sababu nisipofanya hivyo atasema binti huyu anatetea wezi. GPS ina kazi yake. Pikipiki inaibiwa, na inapoibiwa mara nyingine dereva anauawa nayo. Mtu anakodiwa usiku kwenda Sangabuye au Kayenze, harudi. Kifaa cha kuonyesha chombo kiko wapi kimerudisha pikipiki za watu, na nina uhakika kimerudisha na watu pia. Mwenye mali naye ana haki yake, Ibara ya 24 ya Katiba iko wazi kuhusu umiliki. Mama mjane aliyechukua mkopo wa kikundi akanunua Boxer moja ampe kijana, huyo si bepari wa kuchukiwa. Anataka kulala. Sipingi GPS. Napinga namna inavyofungwa, na napinga ukimya unaozunguka habari za anayeitazama.

Kwanza kufunga kwenyewe. Nimekaa na fundi umeme wa pikipiki Nyakato siku mbili, mzee mwenye subira, akanionyesha kila kitu kwenye TVS ya mteja na kwenye Boxer ya mwanawe. Mimi nasoma sheria, sijui koili na sahani, kwa hiyo ninayoandika ni yale ambayo hata mimi niliyaelewa. Na ndio maana nataka kila dereva ayaelewe: kama mimi nimeelewa, bosi wako hana sababu ya kusema ni mambo ya kitaalamu.

Kile kifaa ni kisanduku kidogo cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Ndani kuna vitu viwili. Kimoja kinasikiliza setilaiti, kingine ni kama simu ndogo yenye laini, inayotuma mahali ulipo kwa yule mwenye programu. Setilaiti zenyewe ziko juu kama kilomita 20,000, ni mali ya serikali ya Marekani, na zinatumiwa na dunia nzima bure. Zamani Wamarekani walikuwa wanaiharibu kidogo kwa makusudi ile ishara inayotumika na raia ili isiwe sahihi sana, mpaka Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru waache. Bila uamuzi ule pengine bosi wako angekuona uko mtaa wa pili.

Ishara ikisafiri umbali wote huo inafika ikiwa dhaifu mno. Plastiki na sponji inapita. Chuma haipiti. Ndiyo maana mahali pazuri pa kukiweka ni chini ya siti, uso wake ukitazama juu, sio chini ya tenki ambako mafundi wengi wanakisukumia kwa sababu ni haraka. Tenki ni bati la chuma. Ukikiweka pale kinapotea hewani kila mara, halafu bosi anapiga simu: "Mbona umezima GPS?" Hujazima wewe. Wamekifungia jikoni na kumlaumu mpishi. Tena pale chini ya tenki kuna joto la injini, na kifaa cha plastiki kilichopikwa kila siku saa 12 hakikai mwaka.

Na kwenye usukani je? Wapo wanaokificha nyuma ya taa kubwa. Panafaa kwa ishara, lakini pana shida yake: kila unapokata kona, waya zinakunjwa na kukunjuliwa. Mara elfu kwa siku. Waya wa shaba ukikunjwa sehemu moja hivyo unakatika ndani kwa ndani huku nje ngozi ni nzima, na hiyo ni hitilafu ya kukutoa machozi kuitafuta. Kama ni lazima kikae mbele, waya zipite karibu kabisa na shingo ya usukani, ziachiwe ulegevu, na fundi ageuze usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, aone hakuna kinachovutika. Mzee alifanya hivyo mbele yangu kama mara sita. Fundi wako alifanya?

Waya zenyewe ni tatu au nne. Mwekundu unakwenda kwenye chanya ya betri, na lazima upite kwenye fyuzi ndogo yake yenyewe, karibu na betri iwezekanavyo. Hapa mzee alikuwa mkali. Alisema GPS nyingi anazozivua hazina fyuzi kabisa, aliyefunga kaitoa aokoe muda au kifaa kililetwa bila fyuzi na hakujisumbua kununua. Ule waya ukichunika ukagusa fremu bila fyuzi, unakuwa mwekundu kama mkaa, na juu yake umekalia wewe, na mbele yake kuna petroli. Mweusi unakwenda hasi. Wa tatu unaungwa kwenye umeme unaokuja ukiwasha funguo, ili kifaa kijue pikipiki imewashwa au imelala. Ukiacha kuuunga, vifaa vingine havilali, vinanyonya betri usiku kucha. Kijana akiumwa malaria wiki moja anarudi anakuta betri imekufa, na ya kununua mpya anakatwa yeye.

Wa nne ndio uliomwangusha kaka. Huo unaendesha rilei, na rilei ndiyo inayomwezesha mtu aliyekaa baa Nyamagana akabonyeza simu, pikipiki iliyoko Igombe ikazima.

Viungio. Mzee hasokoti. Anatumia vibanio vya shaba vya kubana kwa koleo, halafu anavalisha mrija mwembamba wa plastiki ambao ukipitishiwa moto wa kiberiti unajikaza wenyewe na kuziba maji. Nilimuuliza kwa nini asichome risasi, kwa sababu kwenye redio ndivyo wanavyofanya. Akasema redio haiendi Kayenze. Risasi inaufanya waya kuwa mgumu pale kwenye kiungio, na mtikisiko unakuja kuukata pembeni yake. Ukichoma, basi ufunge waya usicheze pande zote mbili. Tepu nyeusi anaitumia kuvalisha tu juu, kama shati. Kazi ya kushika haipewi tepu.

Kisha kukikaza kifaa chenyewe. Sio kukiacha kinaning'inia kwa waya zake, mambo ambayo nimeyaona kwa macho yangu kwenye pikipiki 4 kati ya 9 tulizofungua kijiweni kwa kaka. Mzee alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakitandika chini ya kifaa kunyonya mtikisiko, akafunga kwa kamba za plastiki mbili, kichwa cha kamba kikitazama upande usiokwaruza kitu. Waya zikafuata njia ya waya za kiwandani, zimefungwa kila baada ya shibiri moja hivi, mbali na ekzosi, mbali na mnyororo, mbali na pale siti inapobana ikikaliwa na watu watatu (najua ni kosa, ninyi pia mnajua). Kabla waya hazijaingia kwenye kifaa akaziacha zishuke kidogo, kama tumbo, kisha zipande. Maji yakifuata waya yanadondoka pale tumboni badala ya kuingia ndani. Kitu kidogo namna hiyo. Pikipiki ya kaka ingekuwa na tumbo lile na vibanio viwili vya shaba, yule mama angekuwa anauza dagaa wake leo.

Kazi yote ilichukua saa moja na nusu. Akatoza elfu 15, vifaa ndani yake. Mkono wa yule mama umeshakula zaidi ya hapo mara nyingi.

Neno moja kuhusu simu, kwa vijana wanaotumia programu za usafiri na kufunga simu kwenye usukani. Mtikisiko hauli waya peke yake. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za baadhi ya iPhone, kwa sababu ndani ya kamera kuna kioo kinachoelea. Simu nyingine zenye kamera za aina hiyo nazo zina hatari hiyo. Weka mpira kati ya kishikio na chuma. Na kishikio kiwe cha kukaza kwa skrubu, hizi za kubana tu zinaitoa simu kwenye tuta la kwanza.

Sasa turudi kwenye rilei, maana hapo ndipo ufundi unaishia na sheria inaanza.

Kuzima injini ya pikipiki inayotembea ni kitendo cha hatari kwa mtu. Gari likizima lina magurudumu manne, linasimama. Pikipiki yenye magurudumu mawili, kwenye kona, imepakia, ikizima kwenye gia inakokotwa na injini yake yenyewe. Vipo vifaa ambavyo vikipokea amri ya kuzima vinasubiri kwanza mwendo ushuke au chombo kisimame, na vipo ambavyo vinakata pale pale. Njia salama zaidi ni rilei kuzuia kuwaka tu: ukishazima mwenyewe, haiwaki tena mpaka bosi aruhusu. Mwizi atakwama, dereva hatakufa. Ni suala la mpangilio na la namna ya kuunga waya. Haliongezi gharama kubwa. Lakini bosi gani anaulizwa na muuza kifaa, "Unataka ikate ikitembea au ikisimama?" Na dereva gani anaambiwa ipi imefungwa?

Nimesoma mikataba ya vijana saba wa kijiwe kile. Miwili ni ya mdomo. Mitatu imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, mmoja una mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Miwili imechapwa vizuri, ya kampuni, kurasa nyingi, kwa Kiingereza, na waliosaini hawasomi Kiingereza. Yote inasema hesabu ya kila siku ni kiasi gani. Yote inasema ukichelewesha siku kadhaa chombo kinachukuliwa. Kuhusu GPS, minne haisemi kitu, na ile inayosema inasema jambo moja tu: ukiigusa, mkataba umevunjika. Hausemi nani ameifunga. Hausemi ikiharibika ikakuangusha nani anamtibu abiria. Na hapo ndipo kaka alipofungwa: kifaa si chake, hakukifunga, haruhusiwi kukigusa, lakini kikifa ni kosa lake.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yawe ya hiari ya pande zote. Kijana anayeambiwa saini hapa au mpishe mwenzako anayesubiri nje, tukae tubishane darasani kama hiyo ni hiari kamili; najua bosi atasema hakuna aliyemshika mkono, na mahakama nyingi zitamsikiliza. Lakini ipo hoja rahisi zaidi ambayo haihitaji ubishi mrefu. Mwenye chombo anayefunga kitu kinachoweza kuzima injini barabarani ana wajibu wa uangalifu kwa dereva, kwa abiria na kwa mtembea kwa miguu. Akikifunga kizembe na mtu akaumia, kufidia ni juu yake. Karatasi ya daftari inayosema "usiiguse" haifuti wajibu huo kwa yule mama wa dagaa, ambaye hakusaini chochote.

Halafu kuna kutazamwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amwambie anakusanya nini na kwa kazi gani, asizitumie kwa kazi nyingine, azilinde, na ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mahali ulipo saa 2 usiku ni taarifa binafsi. Najua wapo watakaosema GPS inafuata pikipiki, haimfuati mtu. Hebu niambieni: pikipiki ya mkataba ambayo dereva wake ni mmoja, inalala mlangoni kwake, ikienda zahanati ni nani kaenda? Ikisimama kila Alhamisi jioni nyumba fulani Nyasaka ni nani kasimama? Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2012, kwenye kesi ya Jones, walikubaliana kwamba polisi kubandika GPS kwenye gari na kulifuatilia siku 28 bila kibali halali ni upekuzi. Hiyo si sheria yetu na polisi si bosi wa pikipiki, naijua tofauti. Nachukua kitu kimoja tu: kufuatilia chombo siku 28 ni kufuatilia maisha ya mtu. Na Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu, haikusema mtu mwenye gari lake mwenyewe.

Bosi wa pikipiki moja anaweza kusema sheria hii ni ya makampuni makubwa. Kwa mjane wa Boxer moja nitakuwa mpole, kwake nataka amwambie tu kijana wake ukweli. Lakini mwenye pikipiki 40, mwenye ofisi na karani wa kukaa na kompyuta akiangalia vidoti vinavyotembea, huyo anafanya biashara ya taarifa za watu 40 na haniambii ni mambo ya nyumbani kwake. Sheria yenyewe ina matundu. Wakili Tito Magoti alikwenda Mahakama Kuu kuipinga, na mwaka 2024 mahakama ikakubaliana naye kwamba baadhi ya vifungu vyake vina maneno mapana mno, ikaitaka serikali ivirekebishe. Pamoja na matundu yake, ni silaha tuliyonayo na hakuna anayeitumia kijiweni.

Kwa nini mimi mwanachama wa upinzani nijali kidoti cha bodaboda kwenye simu ya bosi? Wenye kumbukumbu fupi nawakumbusha. Mikutano ya hadhara ilifungwa mwaka 2016, ikafunguliwa Januari 2023, na tarehe 21 ya mwezi huo huo watu walijaa uwanja wa Furahisha, hapa hapa Kirumba. Nani aliwaleta? Pikipiki. Ngapi kati ya zile zilikuwa na GPS? Mtu akitaka leo orodha ya vyombo vilivyokaa Furahisha saa nne mfululizo siku ile, na historia haijafutwa, haitaji mpelelezi. Anahitaji kuongea vizuri na watu wawili watatu wenye programu.

Mtasema dada umeanza hofu za mitandaoni. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika juu ya kesi iliyokuwa baraza la kazi mjini London. Aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya Millicom, iliyokuwa inamiliki Tigo Tanzania, alidai kwamba mwaka 2017 kampuni ya simu iliipa serikali taarifa za mawasiliano ya Tundu Lissu na mahali alipo, mchana na usiku, wiki kadhaa kabla ya tarehe 7 Septemba alipomiminiwa risasi Dodoma. Ni madai yaliyotolewa kwenye baraza, nayaweka kama madai. Lakini yule wakati huo alikuwa mbunge, mwanasheria, mtu anayejulikana dunia nzima, na ilichukua miaka 7 kwa Watanzania kusikia hata hayo madai. Dereva wa Pasiansi atasikia lini?

Ndiyo maana nikisema GPS ifungwe vizuri na kwa uwazi sioni mambo mawili tofauti. Yule aliyesokota waya kwa vidole na kuficha chini ya tenki usiku dereva asione, alikuwa na mawazo yale yale ya aliyeandika mkataba bila kumwambia dereva nani anamtazama. Kwamba dereva ni sehemu ya pikipiki. Kitu kinachofungwa mchana, dereva akiwepo, akionyeshwa fyuzi iko wapi, akiambiwa rilei inakata lini na haikati lini, akisainishwa karatasi ya Kiswahili inayotaja nani ana neno la siri la programu na historia inakaa siku ngapi, kitu hicho hata mtikisiko unakiheshimu. Na dereva mwenyewe apewe kuingia kwenye programu aone anachokiona bosi. Akiibiwa saa 8 usiku ni yeye wa kwanza kujua, kwa nini asiwe na ramani mkononi?

Kwa madiwani wetu na wale wanaotaka kugombea: Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela haina mamlaka ya kutunga sheria ya GPS, tusidanganyane majukwaani. Inachoweza ni kuwa na karatasi moja ya mfano ya mkataba wa pikipiki, ya Kiswahili, ipatikane bure kila ofisi ya mtaa, mwenyekiti asigonge mhuri kwenye daftari wakati karatasi ipo. Hilo halihitaji bajeti ya Dodoma. Likatae halmashauri tuanze sisi, mimi na wenzangu wawili wa mwaka wa tatu tumeshaandika rasimu, kurasa mbili, na tumeisoma kijiweni kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza walicheka neno "mhusika wa taarifa". Tumeliondoa, tumeandika "dereva".

Kwa madereva: msikate waya. Nawaelewa, lakini ukikata umempa bosi ushahidi. Vua siti, piga picha kifaa kilivyofungwa, waya zinavyoonekana, fyuzi ipo au haipo, tarehe ionekane. Mtumie bosi kwa ujumbe wa maandishi, kwa heshima, "Bosi shikamoo, GPS imefungwa hivi, naomba fundi airekebishe, naogopa ajali." Asipojibu, umeshamwambia, na ujumbe una tarehe. Kaka yangu hakuwa na picha hata moja kabla ya ajali. Zilizopo ni za jioni ile, na bosi anasema zimepigwa baada ya kuchezewa.

Jumamosi hii saa 4 asubuhi tunakaa na yule bosi ofisi ya serikali ya mtaa. Amekubali kuja, tumshukuru kwa hilo. Kaka atakuja na magongo, yule mama amesema atakuja pia, na mzee wa Nyakato amekubali kuja na kile kipande cha waya kwenye mfuko wa plastiki. Kuanzia saa 8 mchana siku hiyo hiyo nitakuwa kijiweni Pasiansi na nakala za rasimu. Mwenye mkataba aje nao, hata kama ni wa daftari, na aje na spana namba 10 ya kuvulia siti, tuliyonayo ni moja.